Serikali Hujibu kwa Nani?

Wako watu wanaodhani kwamba serikali ni kitu kisichoulizwa. Husema, "Serikali imeamua," kama mtu asemavyo, "Mvua imenyesha." Lakini mvua haina wa kuijibia, na serikali inaye. Kila amri ina mtu aliyeitoa, kila hundi ina mtu aliyeitia sahihi, na kila shauri lina mtu aliyelileta. Basi mwenye akili haulizi tu, "Serikali imefanya nini?" Huuliza pia, "Nani aliamua, kwa fedha ya nani, naye atajibu mbele ya nani?"

Katika makala hii twataka kueleza jinsi Serikali ya Uingereza inavyotakiwa kutoa hesabu ya matendo yake. Kisha tutatazama mambo matatu yaliyotukia kati ya miaka ya 1946 na 1954. La kwanza na la tatu yalitukia Tanganyika, nchi iliyokuwa wakati ule chini ya udhamini wa Uingereza, na ambayo tangu 1964 ni sehemu ya Tanzania. La pili lilitukia Uingereza kwenyewe. Yote matatu yahusu ardhi, na katika yote matatu Bunge lililokuwa juu ya watawala lilikuwa lile lile moja la London. Walakini majibu waliyopata watu hayakuwa sawa hata kidogo. Twapenda msomaji apime mwenyewe sababu yake.

Desturi ya kutoa hesabu

Uingereza ina Mfalme au Malkia, lakini mambo ya utawala huendeshwa na mawaziri. Mawaziri hao huketi katika Bunge, wengi wao katika ile Nyumba ya wajumbe waliochaguliwa kwa kura, na chama kinachowapinga huketi kikiwaelekea uso kwa uso. Njia za kuwataka watoe hesabu ni nyingi. Tutataja nne zilizo kubwa.

Njia ya kwanza ni maswali. Mjumbe aweza kumwuliza waziri habari za kazi ya wizara yake, na waziri hujibu ama kwa mdomo ama kwa maandishi. Maswali na majibu hupigwa chapa, hata mtu aliye mbali aweza kuyasoma. Tangu 1997 Waziri Mkuu huulizwa maswali kila Jumatano kwa muda wa nusu saa, Bunge linapokutana. Na waziri akilidanganya Bunge kwa makusudi, desturi yamtaka ajiuzulu.

Njia ya pili ni fedha. Serikali haina ruhusa ya kutoza kodi wala kutumia fedha ya kodi pasipo idhini ya Bunge. Tena haitoshi kupata idhini ya kutumia. Yapasa kuonyesha jinsi zilivyotumika. Mwaka 1861, Gladstone alipokuwa Waziri wa Fedha, Bunge liliunda Kamati ya Hesabu za Serikali. Mwaka 1866 ikatungwa sheria ya kuweka Mkaguzi Mkuu wa Hesabu, mtu ambaye hawezi kufukuzwa na waziri aliyechukizwa na ukaguzi wake, mpaka Nyumba zote mbili za Bunge ziombe aondolewe. Na mwenyekiti wa kamati ile, kwa desturi, hutoka katika chama kisichotawala. Sababu yake ni wazi: aliyekula nyama hapewi kazi ya kuhesabu mifupa.

Njia ya tatu ni wajibu wa Katibu Mkuu wa wizara. Huyu si mtu wa siasa, bali ni mtumishi wa kudumu, naye hujibu yeye mwenyewe mbele ya kamati ile kwa fedha zote za wizara yake. Waziri akimtaka alipe fedha kwa jambo analoliona kuwa ni la hasara au si la haki, huomba apewe amri kwa maandishi. Hapo jina la aliyeamua hubaki katika karatasi, wala halifichwi nyuma ya neno "wizara".

Njia ya nne ni kura ya kuiondoa Serikali nzima. Tarehe 28 Machi 1979 wajumbe 311 walipiga kura ya kukataa kuiamini Serikali ya Bwana James Callaghan, na wajumbe 310 waliiunga mkono. Kwa kura moja tu Serikali ilianguka, na nchi ikaenda katika uchaguzi.

Desturi hizi ni njema, na nchi nyingi zimeziiga. Lakini zina sharti moja ambalo mara nyingi halitajwi. Ili zifanye kazi, sharti awepo Bungeni mtu anayeumia, au mtu anayeogopa kura ya yule anayeumia. Asiyekuwapo na lake halipo. Sasa na tuyatazame yale mambo matatu.

Karanga za Kongwa

Vita vikuu vya 1939 hata 1945 vilipokwisha, Waingereza walikuwa na upungufu mkubwa wa mafuta ya kula. Siagi, majarini na mafuta ya kupikia viligawiwa kwa kipimo tangu 1940, na kipimo hicho hakikuondolewa mpaka 1954. Katika Machi 1946 Bwana Frank Samuel, mkuu wa kampuni ya United Africa Company, alileta shauri kwamba karanga zilimwe Afrika Mashariki kwa mashini, katika mashamba makubwa ambayo mfano wake haujaonekana. Serikali ikatuma ujumbe wa watu watatu, mkubwa wao Bwana John Wakefield, aliyekuwa zamani mkuu wa kilimo Tanganyika. Walizunguka kwa muda wa wiki kama tisa, sehemu kubwa wakiitazama nchi kutoka katika ndege, kisha wakaandika ripoti.

Ripoti hiyo ilikusudia eka 3,210,000, nyingi zaidi zikiwa Tanganyika, na nyingine Kenya na Rhodesia ya Kaskazini, ambayo sasa ni Zambia. Gharama ilikisiwa kuwa kama pauni milioni 24 kwa muda wa miaka sita. Katika Februari 1947 Serikali ilitangaza mpango huo mbele ya Bunge. Waziri aliyeusimamia alikuwa Bwana John Strachey, Waziri wa Chakula. Mahali pa kwanza palipochaguliwa ni Kongwa, katika Ugogo. Baadaye kazi ikaanzishwa Urambo na Nachingwea.

Mkulima yeyote apokeapo mbegu ngeni hupanda kwanza kipande kidogo, aone itakavyokuwa. Hapa haikufanywa hivyo. Ilisemwa kwamba haja ya mafuta ni ya haraka, na kujaribu kwanza kungechelewesha. Katika mwaka 1947 ilikusudiwa eka 150,000 zilimwe. Mwaka ulipokwisha, zilizopandwa zilikuwa kama eka 7,500. Matrekta mengi yalikuwa makuukuu, mabaki ya vita, nayo yaliharibika upesi. Mizizi ya vichaka na mashina ya mibuyu yalivunja vyuma. Udongo wa Kongwa una mfinyanzi mwingi, na jua likiupiga huwa mgumu kama tofali, hata karanga zilizokomaa haziwezi kung'olewa. Kisha mvua ikakosekana.

Mambo hayo ya udongo na mvua hayakuwa siri. Ugogo ni nchi ambayo watu wake wamezoea kuhesabu miaka kwa njaa. Wazee waliokuwa hai mwaka 1946 walikumbuka vema njaa kubwa iitwayo Mtunya, iliyowaua watu wengi kati ya 1917 na 1920. Mtu aliyeokoka Mtunya hahitaji ndege ili ajue kama mvua ya Kongwa ni ya kutumainiwa. Lakini mpango ule haukupelekwa mbele ya baraza lolote la watu wa Ugogo lililokuwa na uwezo wa kusema hapana.

Mwaka 1948 kazi ilichukuliwa kutoka kwa ile kampuni, ikawekwa mikononi mwa shirika la Serikali lililoitwa Overseas Food Corporation. Mwaka 1949 hesabu za shirika zilipotolewa, wakaguzi hawakukubali kushuhudia kwamba vitabu vya Afrika Mashariki vilitunzwa ipasavyo. Habari hiyo iliwasha moto London. Katika Novemba 1949 Bunge lilijadili, na wapinzani wakataka ufanywe uchunguzi. Lakini chama cha Serikali kilikuwa na kura nyingi zaidi, na ombi lao likakataliwa. Bwana Wakefield aliondolewa katika halmashauri ya shirika. Na Bwana Strachey je? Baada ya uchaguzi wa Februari 1950 aliondoka Wizara ya Chakula, akapewa Wizara ya Vita.

Katika Januari 1951 Serikali ilitangaza kwamba mpango mkubwa umekwisha. Fedha zilizofutwa katika vitabu kuwa ni hasara zilipita pauni milioni 36. Wakati ule Uingereza ilikuwa na watu kama milioni 50, basi hasara hiyo ilikuwa karibu shilingi 14 za Kiingereza kwa kila mtu, mkubwa na mdogo, hata mtoto aliyezaliwa siku ile.

Yatupasa kusema haki. Nia ya mpango haikuwa mbaya. Watu walihitaji chakula. Tena tumezijua hesabu hizi kwa sababu zilipigwa chapa, na waziri aliulizwa mbele ya watu akajibu. Ziko serikali nyingi duniani ambazo hasara kama hiyo ingefichwa hata leo. Hata hivyo twaona pungufu mbili. Ya kwanza, kumhamisha mkubwa kutoka kiti kimoja hata kingine si kutoa hesabu. Ya pili ni kubwa zaidi. Mlipa kodi wa Uingereza aliweza kuonyesha hasira yake katika uchaguzi wa 1950 na wa 1951. Mtu wa Kongwa hakuwa na kura. Halmashauri ya kutunga sheria ya Tanganyika ilikuwapo tangu 1926, lakini Waafrika wawili wa kwanza, Chifu Kidaha Makwaia na Chifu Abdiel Shangali, waliteuliwa mwaka 1945, nao waliteuliwa na Gavana, hawakuchaguliwa na watu. Uchaguzi wa kwanza wa halmashauri ile ulikuja mwaka 1958. Kwa hiyo hesabu ya pauni ilitolewa London; hesabu ya ardhi iliyong'olewa miti na kuachwa haikutolewa Kongwa na mtu yeyote aliyelazimika kuitoa.

Eka 725 za Uingereza

Tumeona jinsi mambo yalivyokuwa kwa eka milioni 3. Sasa tutazame eka 725 tu, ili tupate kulinganisha. Katika jimbo la Dorset, kusini mwa Uingereza, kuna mahali paitwapo Crichel Down. Mwaka 1938 Serikali iliichukua ardhi ile kwa nguvu ya sheria kutoka kwa wenyewe watatu, ikawalipa, ili ndege za vita zijifunze kutupa mabomu pale. Vita vilipokwisha ardhi haikurudishwa. Wizara ya Anga iliikabidhi Wizara ya Kilimo, na maofisa wakafanya shauri la kuifanya shamba moja na kumpangisha mtu waliyemtaka wao.

Mrithi mmoja wa wenyewe wa zamani, pamoja na mumewe aliyekuwa ofisa wa jeshi la majini, waliomba kuinunua tena ardhi ya wazee wao. Wakakataliwa. Hawakunyamaza. Walimwandikia mjumbe wao wa Bunge, wakawakusanya majirani, wakadai uchunguzi wa wazi. Mwanasheria, Sir Andrew Clark, akawekwa kuchunguza mwaka 1954, na ripoti yake iliwalaumu maofisa kwa ukali. Tarehe 20 Julai 1954 Waziri wa Kilimo, Sir Thomas Dugdale, alisimama Bungeni akatangaza kwamba amejiuzulu.

Siku ile ile waziri mwingine, Sir David Maxwell Fyfe, alieleza Bunge kanuni ya jambo hili. Maelezo yake, kwa ufupi, ni haya. Ofisa akitenda kwa amri ya waziri, waziri hana budi kumlinda na kubeba lawama. Ofisa akitenda sawasawa na njia iliyowekwa na waziri, ni vivyo hivyo. Ofisa akikosea kwa jambo dogo, waziri hukiri kosa, hulisahihisha, wala hamtaji ofisa kwa jina. Lakini ofisa akitenda jambo baya ambalo waziri hakulijua wala asingeliruhusu, waziri halazimiki kulitetea. Hata hivyo hana budi kulieleza Bunge lililotokea, kwa kuwa wizara ni yake.

Wako wataalamu wasemao kwamba Sir Thomas hakujiuzulu kwa ajili ya kanuni, ila kwa sababu wajumbe wa chama chake mwenyewe walimkasirikia. Yawezekana. Lakini neno hilo lazidi kuthibitisha habari yetu. Wajumbe walikasirika kwa sababu wapiga kura wao ni watu wenye mashamba, ambao waliona kwamba lililompata jirani leo laweza kuwapata wao kesho. Baadaye ziliwekwa kanuni, ziitwazo mpaka leo kwa jina la Crichel Down, kwamba ardhi iliyochukuliwa na Serikali kwa nguvu ya sheria, isipohitajiwa tena, kwa kawaida kwanza warudiwe wenyewe wa zamani waulizwe kama wataka kuinunua.

Basi pima. Ardhi iliyokusudiwa kwa karanga ilikuwa zaidi ya mara 4,000 ya ardhi ya Crichel Down. Kwa ile ndogo waziri alijiuzulu na kanuni mpya ikazaliwa. Kwa ile kubwa waziri alibadilishiwa kiti. Si kwamba sheria za Uingereza zilikuwa mbili. Tofauti ni kwamba mwenye eka 725 alikuwa na mtu wa kumwandikia barua, na mtu huyo aliiogopa barua ile.

Wameru wa Engare Nanyuki

Je, mtu asiye na kura na asiye na mjumbe hana la kufanya? Jambo la tatu latuonyesha kwamba analo, ijapokuwa njia yake ni ndefu na ya taabu.

Kaskazini mwa mlima Meru kuna nchi ya Engare Nanyuki. Wameru walikuwa wakikaa na kuchunga huko. Baada ya vita ya pili, Serikali ya Tanganyika iliweka tume ya Jaji Mark Wilson kuchunguza mambo ya ardhi ya Arusha na Moshi. Kutokana na mashauri ya tume ile, Serikali ilikusudia kuifanya Engare Nanyuki kuwa mashamba ya mifugo ya Wazungu. Katika Novemba 1951 watu wapatao 3,000 waliondolewa kwa nguvu, na nyumba zao zikateketezwa.

Wameru hawakuwa na mjumbe katika Bunge la London. Lakini Tanganyika haikuwa koloni kama Kenya. Ilikuwa nchi ya udhamini, na mdhamini mwenyewe aliwekwa chini ya jicho la Umoja wa Mataifa. Mkataba wake uliwapa watu wa nchi haki ya kupeleka malalamiko. Wameru wakaliona tundu hilo, wakalipitia. Walichangishana fedha, na mwaka 1952 Bwana Kirilo Japhet, akisaidiwa na mwanasheria Bwana Earle Seaton, alisafiri mpaka New York akasimama mbele ya wakubwa wa dunia, akawaeleza habari za kwao. Serikali ya Uingereza, ambayo haikulazimika kuwajibu Wameru huko Arusha, ilijikuta inajibu mbele ya mataifa.

Wameru hawakushinda siku ile. Shauri lao lilipofika mbele ya Mkutano Mkuu wa Umoja wa Mataifa, halikupata theluthi mbili za kura zilizotakiwa. Lakini yaliyosemwa hayakuweza kurudishwa kinywani. Watu wa majimbo mengine walisikia kwamba mtu wa kijijini aweza kuiuliza serikali na dunia ikasikiliza. Miaka miwili baadaye, tarehe 7 Julai 1954, chama cha TANU kilianzishwa, na dai lake kubwa likawa kwamba watu wa nchi wawachague wenyewe wale watakaojibu mbele yao.

Maoni yetu

Kutokana na mambo haya twaona neno moja: serikali humjibu yule awezaye kuiuliza. Haimjibu mtu kwa sababu ana haki tu, wala kwa sababu ameumia tu. Hii si tabia ya Waingereza peke yao; ni tabia ya wanadamu wenye madaraka mahali pote. Ndiyo maana hatukubaliani na wale wasemao kwamba wakubwa wakiwa watu wema, haifai kuwauliza. Bwana Strachey hakuwa mwizi, wala wakuu wa karanga hawakuwa wezi. Wema wao haukuotesha karanga hata moja. Lililokosekana ni mtu wa Kongwa mwenye uwezo wa kusema mapema, "Ngojeni, nchi hii siyo hivyo."

Wala tusidhani kwamba jambo hili limekwisha huko Uingereza. Mwaka 2009 ilijulikana kwamba wajumbe wengi wa Bunge walijilipia mambo ya nyumbani kwao kwa fedha ya watu, na Spika Michael Martin akalazimika kujiuzulu. Tena kati ya 1999 na 2015 watu zaidi ya 900 waliokuwa wakiendesha ofisi ndogo za posta walihukumiwa kwa wizi na udanganyifu, kwa sababu ya mashini za hesabu zilizokuwa na kasoro. Wengine walifungwa, wengine walifilisika. Walipiga kelele miaka mingi. Mahakama iliwapa haki mwaka 2019, na Bunge likatunga sheria ya kufuta hukumu zao mwaka 2024. Watu hao walikuwa na kura, lakini walikuwa wadogo na wametawanyika, kila mmoja akiambiwa kwamba ni yeye peke yake mwenye shida ile. Walipojuana ndipo waliposikiwa.

Sasa tujitazame wenyewe. Tanzania na Kenya zimerithi sehemu kubwa ya desturi tulizozieleza. Tanzania ina Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu kwa ibara ya 143 ya Katiba yake. Kenya ina Mkaguzi Mkuu kwa ibara ya 229 ya Katiba ya 2010. Zote mbili zina kamati za Bunge za hesabu. Katika Tanzania, kwa sheria ya serikali za mitaa ya 1982, kila kijiji kina Mkutano Mkuu, na kila mkazi aliyetimiza miaka 18 ana nafasi ndani yake. Huo ndio Bunge la mtu wa kijijini. Lakini wangapi huhudhuria? Na wangapi wahudhuriao huuliza? Kiti kisichokaliwa hakimwogopeshi mtu.

Kwa hiyo twatoa mashauri manne, hasa kwa walimu na wazee wa vijiji, ambao watu huwategemea kwa kusoma na kuandika.

Kwanza, ulizeni kabla ya jambo kufanywa, msingoje mpaka liharibike. Swali moja kabla ya trekta la kwanza lingalikuwa na faida kuliko mijadala yote ya 1949.

Pili, takeni jina. Mkiambiwa, "Serikali imeagiza," ulizeni kwa heshima ni ofisa gani, kwa barua gani, ya tarehe gani. Neno lisilo na jina halina wa kulijibia.

Tatu, takeni daftari. Fedha ya shule, ya kisima au ya ushirika ikichangwa, isomwe hadharani imeingia kiasi gani, imetoka kiasi gani, imebaki kiasi gani. Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Na mtunza fedha mwaminifu huifurahia siku ya kusoma daftari, kwa maana ndiyo siku anayoondolewa mashaka.

Nne, msimhesabu mwenye kuuliza kuwa ni adui. Mkubwa aulizwaye vema na kujibu vema huongezeka heshima. Na mwenye kuuliza naye aulize kwa adabu, aandike swali lake, alitie tarehe, abaki na nakala, tena asiwe peke yake. Wameru walichangishana, wenye posta za Uingereza walijuana, jamaa wa Crichel Down waliwakusanya majirani. Hakuna hata mmoja aliyesikiwa akiwa mmoja.

Leo katika Kongwa kuna shamba la serikali la ng'ombe mahali palipokusudiwa kuwa bahari ya karanga. Nyasi zimefaa pale ambapo karanga zilikataa, kama wachungaji wa Ugogo walivyojua tangu zamani. Yeyote apitaye pale na akumbuke kwamba maarifa hayo yalikuwapo tangu siku ya kwanza, wala hayakuuzwa kwa pauni hata moja. Yalikosa mahali pa kusemewa tu. Kijiji chako kina mahali hapo. Siku ya mkutano ikitangazwa, nenda.